Kidevu cha Melki na Akiba ya Msiba

Nassir Kapalata anaweka dau la bakuli la supu ya kongoro, lile kubwa, na chapati mbili juu yake, kwamba stori hii hakuna atakayeiamini. Ameshawasimulia madereva wa malori pale Mikumi, na dereva wa lori ni mtu anayeamini kwamba oili chafu inatibu kipara, na hao hao wakamcheka. Basi ni shauri lako. Supu ipo.

Kwanza umjue Melkizedek. Ni Mkaguru wa Mamboya, kule milimani ambako mtoto anabatizwa kabla hajajua kulia vizuri. Alishuka Mikumi kijana, akaweka jiko la kuchomea nyama pembeni ya barabara kuu, na tangu hapo lori la kwenda Tunduma lisiposimama kwake watu wanauliza kama dereva anaumwa. Alikuwa mwimba besi wa kwaya ya Anglikana. Akiita "mishikaki!" swala wa mbugani wananyanyua vichwa. Nassir anasema nusu ya wanyama waliogongwa na magari Mikumi walikuwa wamesimama barabarani wanamsikiliza.

Nassir mwenyewe ni Mnyamwezi wa Kimamba. Babu yake alitoka Tabora kuja kukata mkonge, mkonge ukamshinda, na kurudi kukamshinda, akaoa. Shule Nassir aliiacha darasa la tano, na maelezo yake ni kwamba mwalimu alikuwa ameishiwa. Kazi yake ni kuziba pancha, mwisho kabisa wa mji, njia ya Iringa. Ila kila alfajiri anapita kwanza kwa Melki kuchinja mbuzi, maana wateja Waislamu wanataka kisu cha Mwislamu, na Melki akijichinjia mwenyewe atauza nyama hiyo kwa fisi. Nassir anachinja, anafungiwa maini yake kwenye mfuko, anaenda kwenye matairi, na mpaka kesho alfajiri hawaonani tena. Ndivyo walivyoishi miaka na miaka.

Na hawa ni watani. Siyo utani wa kuchekeana tu kijiweni, ni ule wa makabila, wa tangu misafara inapita milimani na babu zao wanaibiana kuku, mpaka wakaona ni nafuu waugeuze kuwa undugu. Mtani anaweza kukuita nyani mbele ya mkweo na huna pa kumshtaki. Lakini kazi yake kubwa ni msibani. Baba yake Melki alipofariki, Nassir alipanda Mamboya, akaingia kaburini kabla ya mwenye kaburi, akalala chali na kusema hatoki, nyumba hii ina mpangaji, aletewe jogoo. Mchungaji kitabu kimeshafunguliwa mkononi. Jogoo akaletwa. Alipotoka akamwigiza mzee alivyokuwa anapiga chafya kwenye mahubiri, ile chafya ya kuamsha kanisa zima, na mjane ambaye alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu kifo akacheka mpaka akashikwa mbavu, na jioni ile akala. Hapo ndipo mtani anapopimwa. Msiba usiochekesha ni kama pilau isiyo na nyama, watu wanashiba lakini wanasemana njiani.

Sasa, Melki akaumwa koo. Sauti ikaanza kukwaruza, kumeza kukawa shida, akapelekwa Dar, wakamkuta na saratani. Wakampasua shingo, wakatoa na vitezi, kisha wakampiga mionzi. Siku zote hizo Nassir hakumhurumia hata kidogo. Alimpelekea uji hospitali akamwambia amekonda mpaka nzi wakimtua wanateleza. Melki akarudi Mikumi na nusu ya sauti yake lakini amepona, daktari alisema hivyo, na Katarina mke wake akapeleka kanisani sadaka ya shukrani, mbuzi mzima, aliyechinjwa na Nassir.

Miezi ikapita. Ndipo kidevu kikaanza.

Kilianza kidogo, chini ya taya, laini, kama mtu aliyeweka andazi mdomoni akalisahau. Kikashuka shingoni, kikapanda mashavuni. Alfajiri moja Nassir alifika na kisu chake akamkuta Melki uso umejaa, macho yamebaki mistari, shingo na kidevu vimekuwa kitu kimoja. Nassir akamchinja mbuzi bila neno. Moyoni alishajua. Ugonjwa umerudi.

Melki alimwambia mwenyewe kwamba alienda kucheki, wakamwingiza kamera kooni, wakasema saratani hakuna. Nassir akaitikia kwa kichwa. Maneno ya kumfariji mgonjwa yeye anayajua, ameyatumia sana kwa wenye magari mabovu. Kila alfajiri aliuona uso ule ule umejaa vile vile, na akajisemea moyoni huyu hafiki mavuno.

Na hapa ndipo watu wanapokataa kuamini. Nassir alikata utani wote, kimya, kama umeme wa Jumapili. Usidhani ni huruma. Alikuwa anaweka akiba! Mtani mwenye akili hali mbegu. Ukimtania mtu hai kwa kichekesho chako kizuri, siku ya mazishi utasimama na nini? Basi kila alfajiri akikiona kile kidevu, kinamjia kichekesho kitamu mpaka ulimi unamwasha, anakibana kwa meno, anaondoka nacho. Huko kwenye pancha anafanya mazoezi. Alishaipata mpaka sauti mpya ya Melki, ile ya redio iliyotumbukia kwenye ndoo. Alishapanga alale upande gani wa kaburi ili waliokaa nyuma wasikie. Alijua kabisa kwamba msiba huu utasimuliwa mpaka Gairo, na sifa ni zake.

Kwa Melki mwenyewe akawa anasema, "Umeamkaje, kaka? Pole, kaka." Tangu wajuane alikuwa hajawahi kumwita kaka.

Mtu mzima ukiitwa kaka na mtani wako unajua kuna jambo. Na Melki tayari alikuwa amezungukwa na adabu pande zote. Madereva waliozoea kumtukana kisa bei, siku hizi wanalipa wakiangalia nyama. Kwenye kwaya wamempa kiti cha nyuma, eti apumzike. Kioo cha kibandani amekigeuzia ukutani. Akaanza kuvaa skafu, Mikumi hii, ambako kuku anaweza kutaga yai la kuchemsha. Akaacha kusimama upande wa barabara, akahamia upande ambao moshi wa jiko unaelekea, anachoma nyama machozi yanamtoka, watu wanadhani ni mpepeo mbaya.

Siku moja akamrushia Nassir chambo. Akasema, "We Mnyamwezi, kisu chako kimekuwa butu kama kichwa chako."

Nassir akasema, "Ni kweli, kaka."

Melki akamwangalia, akaangalia pembeni, akachukua beseni akaenda kuliosha. Lilikuwa limeshaoshwa. Katarina baadaye akamvuta Nassir kando, akamuuliza shemeji mbona siku hizi husemi kitu, rafiki yako hali chakula akashiba, halali usingizi, na kila ukiondoka anakaa kimya mpaka jua linapanda. Nassir akamjibu kwamba mgonjwa anahitaji utulivu. Alilisema vizuri, kama daktari. Hata yeye mwenyewe alijikubali.

Basi ndipo akaja nesi Vaileth, binti wa kutoka Kilosa. Alishuka na bodaboda alfajiri, mbuzi hata hajaning'inizwa, begi mgongoni na kishikwambi mkononi. Akasema anatembelea watu waliotibiwa saratani za kichwa na shingo halafu wakavimba, anapima uvimbe na anapima maisha yao yanaendaje. Amekuja mapema makusudi, uvimbe wa namna hii hupimwa asubuhi. Nassir alikuwa anafuta kisu. Aliposikia "anapima maisha" akajiuliza hicho kitu kinapimwa kwa kilo au kwa debe.

Vaileth akatoa futi, ile ile ya fundi cherehani, akampima Melki kutoka sikio hadi sikio kupitia kidevuni, akamzungusha shingoni, akaandika. Nassir akageuza uso. Aliona anapimiwa sanda.

Kisha yakaja maswali. Vaileth akaeleza vizuri kabisa, mbele ya wote, kwamba futi inamwonyesha ukubwa tu, haimwambii mtu anaishije na huo ukubwa, kwa hiyo baba ajibu ukweli: shida hakuna, ipo kidogo, ipo sana, au imezidi. Watakaoonekana wana shida sana wataitwa Kilosa kufundishwa kukanda na kupewa mkanda wa kubana kidevu. Nafasi ni chache. Wenye nafuu watasubiri awamu nyingine, na awamu hiyo yeye haijui lini.

Hapo kila mtu mwenye akili angelia shida zake. Lakini wewe mfikirie Melki. Ni mtu mzima, Mkaguru aliyelelewa misheni. Binti amefika akampa shikamoo, naye akamwitikia marahaba mwanangu. Kuna dereva mmoja anasubiri maini. Mke yupo. Mtani yupo. Na yule binti kwa heshima zake anauliza kwa upole, kama mtu anayejulia hali.

"Baba, kumeza chakula vipi?"

"Tunashukuru, mwanangu."

"Shingo haikukazi ukigeuka?"

"Salama tu."

"Na usingizi?"

"Mzuri. Mungu anasaidia."

"Unapojiona kwenye kioo, unajisikiaje?"

"Freshi," akasema Melki, na hilo neno alikuwa hajawahi kulitumia maishani mwake.

Ikaenda hivyo swali baada ya swali. Mswahili akiulizwa hali ni nzuri, hata kama anaulizwa akiwa chini ya lori. Vaileth kidole chake kikawa kinagonga "hakuna, hakuna, hakuna". Katarina anakunja kanga vidoleni, hawezi kumkatiza mume mbele ya mgeni. Mwisho binti akaangalia kioo cha kishikwambi, akasema kwa unyonge, "Basi baba, kwa haya majibu wewe ni mzima kuliko mimi." Akaanza kufunga begi.

Nassir anaapa hakupanga. Anasema alichokiona yeye ni Mkaguru anamshinda Mnyamwezi kwa uongo, hadharani, na mgeni anaamini. Hilo halijawahi kutokea tangu enzi za misafara.

"Binti, kaa," akasema. "Huyo ni mwongo. Mimi ni mtani wake, niulize mimi."

Vaileth akamwangalia Melki. Melki alikuwa ameshangaa, mkono na koleo hewani. Akasema taratibu, "Muulize. Ana haki."

Binti akafungua begi tena, akauliza kuhusu kumeza.

"Kumeza gani?" Nassir akasema. "Tonge likifika hapa linapiga hodi. Linapiga tena. Halikaribishwi, linarudi kwao. Ugali wa huyu unakwenda safari mbili kama mfanyabiashara wa vitunguu."

Dereva wa maini akaguna kwa kicheko akajifanya anakohoa. Nassir akaona mlango umefunguka, akaingia na gunia zima. Akaulizwa shingo, akasema huyu akiitwa kwa nyuma anageuka wote, kama lori, inabidi watu wasogee apige rivasi. Usingizi? Analala amekaa, Katarina kaolewa na mlinzi wa benki. Sauti? Akaitoa ile ya redio na ndoo, ile aliyokuwa ameifanyia mazoezi miezi, na ilikuwa imeiva. Ndevu? Kunyoa kunamchukua asubuhi nzima, shamba limepanuka lakini jembe ni lile lile. Kioo? Amekigeuzia ukutani, sasa ukuta ndio unachana nywele. Akamwambia binti aende bwawa la mbugani akaulize, viboko wanamwona Melki wanampa shikamoo.

Melki alianza kutetemeka mabega. Kwanza Katarina alidhani analia, akamsogelea. Mtu alikuwa anacheka. Anacheka bila sauti, maana sauti ya kucheka haikuwepo, mate yanamtoka pembeni kwa sababu midomo haikufunga vizuri, na hakuyafuta. Skafu ikamdondoka akaiacha chini. Vaileth naye amejifunika mdomo kwa kishikwambi cha serikali.

"Swali la mwisho," akasema alipopata pumzi. "Uvimbe unamzuia kukaa na watu?"

Nassir akafungua mdomo na kichekesho kilikuwepo, kizuri kuliko vyote, cha mazishini kabisa. Hakikutoka. Akasema, "Anasimama kwenye moshi. Ana upande mzima hauna moshi, yeye anasimama kwenye moshi, kama nyuki wanaofukuzwa. Ili asionekane."

Hakuna aliyecheka hapo. Cheche ziliruka kwenye mkaa.

Melki akaokota skafu akaitazama. Akasema, "Vyote hivi ulikuwa navyo?"

"Nilikuwa navyo."

"Tangu lini?"

"Tangu kidevu."

"Na ulikuwa unanipa 'kaka'?"

Nassir akaona hakuna pa kujificha, akasema ukweli, kwamba alikuwa anaweka kwa ajili ya mazishi. Akaongeza kwamba yangekuwa mazishi mazuri sana.

Melki akaikunja skafu. "Wengine wote wamenionea aibu, nikavumilia," akasema. "Wewe ulikaa kimya, ndipo nikajua nimeshakufa. Ulikuwa unanizika mbichi, Mnyamwezi." Kisha akamgeukia binti, akasema mwanangu, yote aliyosema huyu mshenzi ni kweli, andika. Na akaongeza mengine ambayo hata Nassir hakuyajua: kwamba Jumapili anajifanya anatafuta miwani ili watu watoke kanisani kwanza, na kwamba maji akinywa yanampitia puani. Vaileth akagonga upya kuanzia juu. Mtu ambaye muda mfupi uliopita alikuwa mzima kuliko wote wilayani akawa na shida zilizozidi karibu kila mstari, na Nassir hajawahi kuona mtu anafeli mtihani na uso umemng'aa vile.

Binti alipokuwa anamaliza, Nassir akamuuliza kwa sauti ya chini, huyu ana muda gani? Vaileth hakuelewa. Muda wa nini? Nassir akaonyesha kidevu, naye akaeleza kwa lugha rahisi, labda aliona anaongea na darasa la tano. Mwilini kuna maji yanayopita kwenye mifereji yake, midogo huioni. Shingoni vile vitezi vilitolewa, na mionzi ikaziba njia, maji hayana pa kutokea, yanatuama. Ukilala yanajaa usoni. Ukisimama yanashuka. "Mchana si unamwona mwenyewe anavyopungua?" akasema.

Nassir mchana huwa yuko kwenye matairi.

Melki akaitwa Kilosa, jina lake likiwa la kwanza. Nassir akawapeleka kwa pikipiki yake, Melki na Katarina, mshikaki wa watu watatu, wakapita kijiji cha Ulaya, na mpaka leo Melki anajisifu kwamba amefika Ulaya na amerudi. Huko Katarina akafundishwa kukanda. Nassir alitegemea kuona nguvu, kama unavyotoa tairi kwenye rimu. Hakuna. Unapapasa tu, kama unamtuliza kifaranga, na unaanzia kifuani, unayafungulia maji nafasi huko chini kwanza ndipo unakuja shingoni. Melki akapewa na mkanda wa kubana, wa kuvaa nyumbani, unapita chini ya kidevu unafungwa utosini. Nassir alipomwona nao alisema amefanana na bibi harusi mwenye jino bovu.

Usidhani kidevu kiliondoka. Asubuhi bado kinakuja, kidogo, kama mgeni aliyezoea. Lakini mkaa ukikolea kinakuwa kimeshaaga. Sauti haikurudi yote, kwaya wamemhamishia kwenye kupiga kayamba, na anapiga vibaya. Kioo kimegeuka. Moshi anauachia mbuzi.

Vaileth alirudi kumpima tena. Futi ilipungua vidole viwili. Alipofika kwenye swali kama watu wanamkodolea macho, Melki akajibu bila kufikiri: "Sana. Imezidi. Huyu Mnyamwezi anawaleta kwa lori." Binti akakaa na kidole juu, hajui agonge wapi, maana aliyejibu alikuwa anacheka.

Hasara imebaki kwa Nassir. Akiba yote imeisha, ghala tupu, na Melki ametangaza hadharani kwamba yeye ndiye atakayemzika, na vichekesho anavyo, ila hatavisema hata kimoja kabla ya siku hiyo kwa sababu hana haraka.

Kitu kimoja Nassir alikosea. Alidhani saratani imerudi. Haikuwa imerudi. Yalikuwa maji.